UCHAMBUZI: Bei ya stima huhesabu mita, haihesabu watu

TUSEME watu wawili wananunua tokeni za stima siku moja. Wa kwanza anaishi peke yake jijini Nairobi na hutumia uniti 25 kwa mwezi. Wa pili ni mama wa Ndalu, eneobunge la Tongaren, kaunti ya Bungoma, karibu na mpaka wa Trans Nzoia. Nyumbani kwake wamo watu watano, na jumla yao hutumia uniti 40, yaani nane kwa kila mmoja. Ni nani atakayeuziwa uniti kwa bei ya chini?

Ni yule wa Nairobi, ilhali anatumia mara tatu zaidi ya kila mtu wa nyumba ile ya Ndalu.

Bei zilizoidhinishwa na EPRA na kuanza kutumika Aprili 2023 ziliwagawa wateja wa nyumbani katika makundi matatu. Wasiozidi uniti 30 kwa mwezi walitozwa Sh12.22 kwa uniti, wa kati ya 30 na 100 Sh16.30, na waliopita hapo Sh20.97, kabla ya kodi na ada nyinginezo. Kundi hukadiriwa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu. Anayevuka mpaka hulipia uniti zake zote kwa bei mpya, si zile za ziada pekee.

Kasoro ni kwamba uniti hizo 30 ni za mita, si za mtu. Katika sensa ya 2019, nyumba ya Nairobi ilikuwa na wastani wa watu 2.9, na ya Bungoma 4.6. Kwa hivyo mgao wa bei nafuu ni takriban uniti 10 kwa kila mtu jijini, na sita na nusu huko Bungoma. Isitoshe, wapangaji wa ploti moja wanaotumia mita ya mwenye nyumba huhesabiwa kama mteja mmoja, wakaangukia bei ya juu hata kama kila chumba kina balbu moja tu.

Uniti 30 zinatosha nini? Balbu nne za wati 10, zikiwaka saa tano kila jioni, humaliza sita. Televisheni ya wati 50 kwa muda huohuo humaliza saba na nusu. Ongeza simu na pasi ya Jumapili, nyumba bado iko salama. Lakini friji ya kuhifadhia maziwa inaweza kula uniti moja kwa siku, na hapo hesabu yote inavurugika. Kupika kwa stima hata tusikutaje.

Sisi wa dawati la habari tunapenda wastani kwa kuwa huingia vizuri katika kichwa cha habari. Shirika la Kimataifa la Kawi (IEA) liliwahi kuweka uniti 250 kwa mwaka kuwa kiwango cha kuanzia kwa nyumba ya kijijini yenye watu watano, yaani 50 kwa mtu. Wataalamu wa Energy for Growth Hub walikiona kiwango cha aina hiyo kuwa duni mno, wakapendekeza 1,000 kwa mtu, 300 kati yake zikitumika nyumbani. Hebu tuipeleke 300 hiyo Ndalu. Nyumba ya watu 4.6 ingehitaji uniti 115 kwa mwezi, na ingetozwa bei ya juu kabisa. Anayeishi peke yake angeifikia kwa uniti 25, akabaki katika bei ya chini kabisa.

Mradi wa Last Mile, ulioanza 2015 kwa ada ya kuunganishiwa iliyoshushwa kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000, ulikusudiwa familia za vijijini hasa. Idadi ya wateja wa Kenya Power ilipita milioni tisa kufikia 2023. Nguzo zimefika, kinachosumbua sasa ni mpangilio wa bei.

Kabla ya Agosti 2018 kila mteja wa nyumbani alipata uniti 50 za kwanza kwa Sh2.50 kila moja, na zilizozidi ndizo zilizotozwa ghali. Kweli, kulikuwa na ada ya kudumu ya Sh150 kila mwezi iliyowaumiza wenye matumizi madogo, na kuondolewa kwake kulistahili. Lakini ngazi ile ya bei haikustahili kuondoka pamoja nayo. EPRA inaweza kuirejesha bila ada hiyo, ili mama wa Ndalu anayenunua uniti ya 31 alipie hiyo moja kwa bei ya juu, na zile 30 zibaki zilivyokuwa.