Neno la Mhariri: Jengo Halijakwisha

Mwaka 1906, katika mji wa Winchester kusini mwa Uingereza, mzamiaji aitwaye William Walker aliitwa kufanya kazi chini ya kanisa. Kanisa kuu la mji huo lilikuwa linadidimia upande wa mashariki. Kuta zilikuwa zimefanya nyufa, vipande vya mawe vilikuwa vinadondoka kutoka darini, na kila timazi iliyoning'inizwa ilitoa jibu lilelile: jengo limeinama. Waliochimba kutafuta chanzo walikuta kwamba mafundi wa karne ya 13 walitandika magogo juu ya udongo wa mboji uliolowa maji, kisha wakapandisha kuta za mawe juu ya magogo hayo. Yalibeba kwa takriban miaka 700, kisha yakachoka.

Dawa ilikuwa kuchimba mpaka kwenye changarawe ngumu na kujenga msingi mpya. Lakini kila handaki lililochimbwa lilijaa maji, na kuyavuta kwa pampu kungeondoka na udongo na kuliporomosha jengo. Ndiyo maana akatafutwa mzamiaji. Walker alivaa suti yake nzito, akashuka hadi kina cha mita 6 katika maji meusi ambamo hakuona hata kiganja chake, akapanga mifuko ya zege kwa kupapasa. Alifanya hivyo saa sita kwa siku, mwaka baada ya mwaka, hadi 1911. Ilitumika mifuko zaidi ya 25,000. Baada ya mifuko hiyo kuziba chemchemi, maji yakavutwa, waashi wakashuka na kuendeleza kwa matofali na zege mpaka wakaukuta ukuta wa kale. Kanisa halikuanguka.

Mwaka 1964 ilizinduliwa sanamu ya kumkumbuka Walker ndani ya kanisa alilolinusuru. Kumbe mchongaji, aliyepewa picha ya kundi la watu, alikuwa amechonga uso wa mtu mwingine: Francis Fox, mhandisi aliyesimamia kazi. Sanamu yenye uso wa mzamiaji mwenyewe ilipatikana mwaka 2001, miaka 37 baadaye.

Nimeanza na mzamiaji, sikuanza na mfalme wala askofu, kwa sababu hoja ya toleo hili yote imo katika kisa chake. Makanisa makuu ya Ulaya tumezoea kuyasimulia kama kazi zilizokwisha. Tunataja mwaka wa kuanza na mwaka wa kumaliza, tunataja urefu wa mnara, tunastaajabu, tunafunga kitabu. Mimi naona masimulizi hayo yanawadhulumu waliojenga na yanatudanganya sisi tunaosoma. Hakuna hata moja kati ya majengo hayo lililowahi kukamilika kwa maana ya kuachwa lijisimamie. Yaliyosimama hadi leo yanashikiliwa, na kila kizazi kimekuwa na watu wake wa kuyashikilia.

Ili tuelewe kwa nini, hatuna budi kuzungumza kidogo habari za uzito. Neno cathedra ni kiti cha askofu, na kanisa kuu ni kanisa lenye kiti hicho. Kwa sheria ya Kanisa jengo dogo la mbao laweza kuwa kanisa kuu. Ukubwa ulitokana na haja nyingine: mahujaji, masalia ya watakatifu, fahari ya miji, na kiu ya mwanga. Dari la mawe ni zito, na likikunjwa kuwa tao halibonyezi chini tu, linasukuma kuta kando. Ni kama watu wawili walioegemeana kwa migongo: mmoja akiteleza, wote wawili watakwenda chini. Wajenzi wa zamani walilizuia sukumo hilo kwa kuta nene zenye madirisha madogo, na ndani kukawa giza.

Kilichobadilika katika karne ya 12 ni kuunganishwa kwa mbinu tatu ambazo kila moja ilikuwa na asili yake. Tao lenye ncha hupeleka uzito chini zaidi na kando kidogo kuliko tao la nusu duara. Lilikuwa limejengwa katika nchi za Kiislamu karne nyingi kabla, na msikiti wa Ibn Tulun mjini Cairo, wa mwaka 879, umejaa matao hayo. Msomaji aliyetembea katika magofu ya Kilwa au Gedi amekwisha kupita chini ya ndugu za matao hayo. Mbavu za mawe zinazokusanya uzito wa dari na kuuteremsha kwenye nguzo zilikwisha kuonekana Durham, Uingereza, katika kanisa lililoanzwa mwaka 1093. Ya tatu ni matao ya kuegemeza, yale yanayosimama nje ya jengo kama mikono iliyonyoshwa kushika bega la ukuta. Katika abasia ya Saint-Denis, nje kidogo ya Paris, Abate Suger alizindua mwaka 1144 sehemu mpya ya madhabahu ambamo matao yenye ncha na mbavu vilifanya kazi pamoja, na kuta zikafunguka kuwa vioo vya rangi. Matao ya kuegemeza yalifuata baadaye katika karne hiyohiyo. Kutoka hapo mtindo ule ukaenea: Paris, Chartres, Reims, Amiens.

Lakini zingatieni jambo moja. Hao waliopandisha mawe mita 30 na 40 hewani hawakuwa na hesabu za kupima nguvu kama tunazofundisha vyuoni leo. Walikuwa na bikari, kamba, timazi, vielelezo vya mbao vya kukatia mawe, na kumbukumbu ya majengo waliyoyaona yakisimama au yakianguka. Elimu yao ilitokana na ajali, na ajali ziliwapata wao wenyewe pia. Fundi mkuu wa kanisa la Canterbury, Uingereza, William wa Sens, alianguka kutoka kwenye jukwaa mwaka 1178 akaumia vibaya. Alijaribu kuongoza kazi akiwa kitandani, akashindwa, akarudi Ufaransa, na William mwingine, Mwingereza, akaendelea pale alipoishia.

Kanisa kuu la Ely, Uingereza, ni mfano ninaoupenda kuliko yote. Usiku mmoja wa Februari 1322 mnara wa katikati wa kanisa hilo ulianguka kwa kishindo. Njia rahisi ingekuwa kuujenga tena juu ya pembe nne zilezile. Alan wa Walsingham, mtawa aliyekuwa msimamizi wa majengo, alikataa. Aliondoa mabaki ya nguzo nne, akaacha uwazi mpana wenye pande nane, na seremala wa mfalme, William Hurley, akaubuni mnara wa mbao unaoonekana kuelea juu ya uwazi huo. Nguzo zake nane ni miti ya mwaloni yenye urefu wa karibu mita 19 kila mmoja, na kuipata miti ya namna hiyo Uingereza ya wakati ule kulikuwa kazi ya peke yake. Kazi nzuri kuliko zote katika jengo lile ni kiraka. Mnara wa kwanza usingeanguka, tusingekuwa nayo.

Si kila ujenzi ulipokelewa kwa moyo mmoja. Gharama ziliwaelemea watu wa mijini, na mjini Reims mwaka 1233 wenyeji waliinuka dhidi ya askofu mkuu na mapadri wake mpaka ujenzi ukasimama kwa miaka kadhaa. Makala moja katika toleo hili inazungumzia nani alilipa, na sitaki kuifumua hapa. Ninachosema ni kwamba anayetuonyesha madirisha bila kutuonyesha kodi ametuonyesha nusu.

Köln, Ujerumani, walianza kanisa lao kuu mwaka 1248. Fundi wao Gerhard alitaka kanisa kubwa kuliko yote ya kaskazini, lifae masalia ya Mamajusi watatu yaliyoletwa mjini mwaka 1164. Sehemu ya madhabahu ikawekwa wakfu 1322. Katika karne ya 16 fedha zikaisha, Ulaya ikagawanyika kidini, na kazi ikasimama. Juu ya mnara wa kusini uliofika nusu ilibaki kreni ya mbao. Ilikaa pale takriban miaka 400. Watoto walizaliwa, wakazeeka, wakazikwa, na wajukuu wao wakafanya vivyo hivyo, wote wakiitazama kreni ileile. Picha za kale za mji zinaichora kama alama yake, mfano wa mji mwingine uchorwavyo kwa mlima wake.

Kisha mwaka 1814 nusu ya mchoro wa kale wa uso wa magharibi, uliochorwa juu ya ngozi, ilipatikana Darmstadt. Nusu ya pili ikapatikana Paris miaka miwili baadaye. Ujenzi ulianza upya mwaka 1842, ukafuata mchoro ule, na mwaka 1880 minara ikafika mita 157. Kati ya jiwe la kwanza na la mwisho ilipita miaka 632. Waulizeni watu wa Köln kama kazi imekwisha. Karakana ya kanisa bado ina waashi, maseremala, mafundi vyuma na wa vioo, na kiunzi kikishushwa upande mmoja hupandishwa mwingine, kwa sababu mvua, baridi na moshi havipumziki. Karakana ya kanisa kuu la Strasbourg, Ufaransa, ina historia ya karne nane. Mwanzoni mwa karne ya 20 mafundi wa Strasbourg waligundua kwamba nguzo kuu inayobeba mnara wao wa mita 142 imesimama juu ya vigingi vya mbao vilivyokuwa vikioza, wakabadilisha msingi huku mnara ukiwa juu yao. Mwaka 2020 UNESCO iliandikisha karakana za namna hii kuwa mfano mwema wa kuhifadhi urithi. Yafaa tuangalie kilichoandikishwa: ni namna ya kufanya kazi na kurithishana kazi hiyo.

Hapo ndipo tunapoelewa yaliyotokea Paris. Jioni ya tarehe 15 Aprili 2019 paa la kanisa kuu la Notre-Dame liliwaka, mnara wenye ncha uliojengwa na msanifu Viollet-le-Duc katika karne ya 19 ukaanguka ukitoboa dari, na kenchi za mwaloni za karne ya 12 na 13 zikawa mkaa. Wengi walisema hautapatikana tena utaalamu wa kuzijenga. Ulipatikana. Miaka mitano kabla, wasanifu wawili walikuwa wamepanda huko juu na kupima kenchi zile mti kwa mti, kazi ambayo siku ile haikumvutia mtu. Na walikuwepo maseremala waliojua kuchonga gogo la mwaloni kwa shoka, kwa kufuata nyuzi za mti, kama walivyofanya wenzao wa zamani. Kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2024. Fedha zilikuwa nyingi, na ni kweli bila fedha pasingefanyika kitu. Lakini fedha zisingelikuta shoka mkononi mwa mtu anayejua kulitumia, zingejenga paa la namna nyingine.

Kwetu nako upo ushahidi. Kanisa kuu la Waanglikana pale Mkunazini, Unguja, lilianzwa Krismasi ya 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, mwaka uleule soko lilipofungwa. Askofu Edward Steere, huyuhuyu aliyeandika kitabu cha kufundishia Kiswahili, aliamua dari lake liwe tao moja la zege lililochanganywa na mawe ya matumbawe yaliyopondwa. Alichukua umbo la Ulaya akalijenga kwa kitu cha pwani. Kwa hiyo nalo linadai matunzo ya pwani: fundi anayeijua chokaa, anayejua chumvi inavyopanda ukutani, anayejua kwamba saruji ngumu juu ya jiwe la matumbawe hufungia unyevu ndani. Mafundi hao wapo, na walio wengi ni wazee. Nawaomba wanaosimamia majengo yetu ya kale wawape vijana wa kufundisha sasa, kabla ufa haujawa mradi.

Mtashangaa pengine kwamba jalada letu halina madirisha ya Chartres. Tumechagua Beauvais. Maaskofu na mafundi wa Beauvais, kaskazini mwa Ufaransa, walianza mwaka 1225 na kupandisha dari hadi mita 48, juu kuliko kanisa lolote la mtindo wao. Dari hilo lilimalizika 1272. Mwaka 1284 sehemu yake ikaporomoka, na mpaka leo wataalamu hawajaafikiana kuhusu sababu. Wakajenga tena, wakiongeza nguzo kati ya nguzo. Karne ya 16 wakajenga mikono miwili ya jengo, ile inayolipa umbo la msalaba, kisha, badala ya kujenga ukumbi wa waumini upande wa magharibi ambao ungeegemeza jengo, wakapandisha mnara wa mita 153 juu ya makutano ya msalaba huo. Mafundi waliokuja kukagua waliona nguzo zimeanza kuhama, wakaonya. Siku ya Kupaa ya mwaka 1573, waumini wakiwa wametoka kwa maandamano, mnara ukaanguka.

Ukumbi ule haukujengwa kamwe. Mahali ulipopaswa kuwepo limebaki kanisa dogo la karne ya 10 ambalo lingebomolewa kuupisha. Ndani, katika mkono wa kaskazini, mihimili mikubwa ya mbao na chuma iliyowekwa miaka ya 1990 inazuia nguzo zisisogee. Hiyo ndiyo mnayoiona kwenye jalada. Iliwekwa kwa muda, na bado ipo.