Gari kwa Gari

Tulifundishwa kwamba nchi inauza ilichonacho na kununua isichonacho. Haya, Wacheki na Wajerumani wanauziana nini? Magari na vipuri vya magari! Giaboksi zinatoka Vrchlabí kwenda kwenye viwanda vya Wajerumani, na magari ya Wajerumani yanauzwa Praha.

Ilianza 1991. Ukomunisti umeanguka, Volkswagen ikanunua hisa za Škoda, kiwanda cha serikali. Mishahara ilikuwa chini, Ujerumani iko jirani, na mafundi walikuwepo: mji wa Mladá Boleslav unaunda magari tangu 1905. (Hicho kipengele cha mafundi, wanaotuhubiria viwanda hapa kwetu huwa wanakiruka.)

Mimi nasoma sheria, kwa hiyo jicho langu liko kwingine. Kushusha ushuru peke yake kusingetosha. Ili waingie Umoja wa Ulaya mwaka 2004, Wacheki walibadilisha sheria za kampuni, za ushindani na za viwango vya bidhaa, zikafanana na za majirani. Nani atagawanya kazi ya gari moja kwenye nchi mbili, kama kila waziri mpya anakuja na tamko lake?

Ila tusidanganyane, wadau. Kufikia 2000 Volkswagen ilikuwa inaimiliki Škoda yote. Mcheki kapata ajira na ujuzi, maamuzi makubwa yanapita Wolfsburg. Na mshahara wake, miaka zaidi ya 30 baadaye, bado uko chini ya wa Mjerumani. Hiyo nayo ni sababu mojawapo ya kazi kubaki kwake.