Mtoto akiwekewa chuma mfupani, hatari huja baadaye

Mtoto akianguka kutoka kwenye mwembe, au kijana akianguka na bodaboda, paja huweza kuvunjika kiasi cha kuhitaji chuma. Kwa wazazi wa Newala na Masasi, safari huwa ya Hospitali ya Ndanda, au rufaa hadi MOI, Dar es Salaam. Wengi huogopa kwamba chuma kitaoza mwilini.

Chuma chenyewe hakiozi. Kabla ya upasuaji husafishwa kwa mvuke wenye mgandamizo, nyuzi joto 121 au zaidi, wakati sufuria ya maji jikoni huishia kama 100. Hapo vijidudu hufa.

Hatari huanza vijidudu vikipenya kupitia kidonda. Vikifika kwenye chuma, hujishikiza na kujifunika utando. Anayehifadhi maji ya mvua anaujua utelezi unaoota ndani ya pipa: kusuuza hakuutoi, mpaka usuguliwe. Chuma kilicho ndani ya paja hakisuguliki, na dawa hupenya utando huo kwa shida. Ndiyo maana wakati mwingine madaktari hulazimika kufungua tena na kukitoa.

Watafiti duniani wanajaribu njia nyingine: plazima baridi. Hii si plazima ya damu. Ni gesi iliyopitishwa umeme mkali hadi ikatoa mwanga. Radi ni plazima ya moto. Hii hubaki vuguvugu, lakini huzaa aina kali za oksijeni zinazotoboa kuta za vijidudu bila kuunguza kifaa. Plazima ya aina nyingine tayari husafisha vifaa vya upasuaji visivyostahimili mvuke. Kuondoa utando kwenye vyuma vya mifupa kwa plazima baridi, bado ni kazi ya utafiti.

Kwa sasa kinga iko mikononi mwa wazazi. Anayegusa kidonda anawe kwa sabuni, hata kama maji ni ya kununua kwa ndoo. Kidonda kisipakwe majani, wala mguu usikandwe. Kikitoa maji au usaha, mguu ukivimba na kuwa na joto, homa ikipanda, au maumivu yakiongezeka badala ya kupungua, hata baada ya miezi, mtoto arudishwe hospitali alikofanyiwa upasuaji. Vidonge vya kununua duka la dawa vinaweza kukausha usaha juu huku utando ukibaki chini.

Nauli ya kurudi mapema ni nafuu kuliko upasuaji wa pili.