MAZIWA HAYASAFISHI MAPAFU, WAHESHIMIWA!

KAMA unataka kujua jinsi nchi hii inavyoendeshwa, usiende bungeni. Nenda kwenye gereji bubu yoyote ya Dar es Salaam, iwe Keko, Ilala au Tabata, usimame pembeni umwangalie kijana anayepiga rangi gari.

Kompresa inanguruma chini ya mwembe. Shangingi la mkubwa limefunikwa magazeti kwenye vioo. Kijana kashika bunduki ya rangi, anapuliza huku na huku kwa mkono uliotulia kama wa daktari. Puani kajifunga kipande cha fulana. Na hapo chini, kando ya kopo la thina, kuna pakti ya maziwa.

Muulize maziwa ni ya nini. Atakujibu bila kufikiri: "Ya kusafisha kifua, braza."

Nani alimdanganya? Tajiri wa gereji ndiye aliyeyanunua. Kwa pakti moja ameshamaliza wajibu wake wote. Hakuna barakoa, hakuna mkataba, hakuna matibabu. Kunywa maziwa, piga kazi!

Jamani, hata mwanafunzi wa kidato cha pili anajua kwamba maziwa yanakwenda tumboni na hewa inakwenda kwenye mapafu. Hizo ni njia mbili tofauti. Ukinywa maziwa kwa ajili ya sumu iliyoingia mapafuni, ni sawa na kumwaga maji jikoni wakati moto unawaka chumbani.

Na sumu yenyewe si ya mchezo. Rangi na klia za kisasa, zile mafundi wanazoziita 2K, huchanganywa na hadna kutoka kopo dogo la pembeni. Ndani ya hadna mna kemikali za jamii ya isosianeti. Zinapopulizwa hutengeneza ukungu mwembamba ambao macho hayauoni wote, na pua haiwezi kukuonya mapema. Zikishakuzoea kifuani, kifua hakizizoei tena. Unaanza kubanwa usiku, baadaye mchana, na mwisho chembe ndogo tu inatosha kukuangusha. Ni pumu ya ukubwani. Uingereza, idara ya serikali inayosimamia usalama kazini iliwahi kueleza kwamba hatari ya mpiga rangi magari kupata pumu ya kazini ni takriban mara 80 ya mfanyakazi wa kawaida. Hao ni watu wenye vyumba vya kupigia rangi na feni za kuvuta ukungu! Sisi wa chini ya mwembe tusemeje?

Rafiki yangu tuliyemaliza naye kidato cha nne alikuwa fundi rangi hodari. Magari yake uliweza kujitazama ubavuni ukachana nywele. Leo ngazi za ghorofa moja zinamshinda. Tajiri alimwambia apumzike kidogo, na kesho yake akamweka kijana mwingine kwenye bunduki ile ile. Akampa na maziwa.

Tuje kwenye kompresa, maana nayo inaua. Hewa ya mji huu wa pwani ina unyevu mwingi. Ikishindiliwa inapata joto, na ikipoa ndani ya mtungi maji yanatuama chini. Maji hayo yakipita kwenye mpira, rangi inatoa vishimo na malengelenge, halafu fundi anamlaumu muuza duka kwamba kamuuzia rangi feki. Yakibaki kwenye mtungi, chuma kinaliwa na kutu kutokea ndani huku nje kunang'aa. Siku kikichoka hakipigi hodi.

Dawa yake haihitaji fedha za wafadhili. Kila jioni, ukishazima mashine, fungua koki ya chini maji yatoke. Vuta valvu ya usalama uone kama inapumua, na ikivuja ibadilishe, usiizibe kwa bolti. Bomba liwe la chuma, lilale kwa mteremko wa kurudisha maji nyuma. Chujio la maji likae mbali na kompresa, karibu na bunduki, mahali ambapo hewa imeshapoa. Bomba za plastiki za maji ya nyumbani usiziguse, kwani zikipasuka hurusha vipande kama visu. Mtungini presha ya paundi 120 inatosha, na kwenye bunduki 30 hadi 45 kwa kawaida inatosha, kwa hiyo usishindane na geji. Na hizi kompresa za kuunga mashine ya friji na mtungi wa gesi wa zamani ni mabomu, tuziite kwa jina lake.

Haya yote yalipaswa kusemwa na mkaguzi, si na mwandishi wa gazeti. Yuko wapi? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ilipitishwa mwaka 2003. Wakala wake, OSHA, uliundwa mwaka 2001, na mitungi ya presha ni moja ya vitu vinavyotakiwa kukaguliwa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi una sheria tangu mwaka 2008 na ulianza kazi mwaka 2015. Kwenye makaratasi tuko Ulaya! Lakini kibarua wa gereji bubu hana mkataba, na asiye na mkataba atajaza fomu gani? Mkaguzi haijui njia ya kufika kwake. Anayeijua njia ni mgambo, na haji na kipima presha. Anakuja na karandinga.

Desemba 2018 tuliambiwa tununue vitambulisho vya wajasiriamali kwa 20,000/- na hatutabughudhiwa tena. Oktoba 2021 machinga wa mji huu wakaanza kuondolewa barabarani. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ambayo vijana tuna asilimia 4 yetu, ilisimamishwa Aprili 2023 ikarejea mwaka 2024. Kikundi kilichokuwa kinasubiri kununua kompresa ya maana kiliambiwa kisubiri, na wakati kinasubiri vijana wake walikuwa wanavuta ukungu.

Wanasema gereji bubu zinachafua mji. Tunakubali, hakuna anayefurahia kupiga rangi kwenye vumbi na moshi wa mama ntilie huku thina iko wazi. Lakini magari ya kampeni tunayoyaona kila uchaguzi, yale ya rangi za chama tawala, rangi yake haikujipiga yenyewe. Aliyeipiga anapumuaje leo? Au hilo haliko kwenye ilani?

Takrima ya uchaguzi ilihalalishwa na sheria mwaka 2000, Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006. Gereji hazijaipata hukumu hiyo. Pakti ya maziwa ndiyo takrima yetu, ndugu ya kofia, fulana na sahani ya pilau. Unapewa kidogo leo ili usidai kikubwa kesho.

Tunachodai hakihitaji tume. Kwanza, halmashauri zitenge maeneo ya gereji yenye umeme wa uhakika na banda la pamoja la kupigia rangi, lenye feni na chujio. Pili, mkaguzi aje kufundisha na kupima mitungi kabla ya kutoza faini. Tatu, tajiri asiye na barakoa asiruhusiwe kumpa mtu bunduki.

Nanyi vijana wenzangu, msinicheke. Najua anayevaa barakoa gereji anaitwa bishoo. Afadhali bishoo anayepumua. Kitambaa hakizuii kitu. Barakoa inayofaa kwa 2K ni ile inayoletewa hewa safi kwa mpira, lakini usijiunganishie tu mpira wa kompresa, maana hewa yake ina mafuta na moshi. Ukikosa hiyo, yenye vichujio vya kemikali ni bora kuliko fulana, japo haitoshi. Fukuza watu, piga rangi penye upepo, na usiivue mpaka ukungu uishe. Mkiwa kumi, gomeni kwa pamoja. Tajiri hawezi kulipiga rangi shangingi la mkubwa kwa mdomo.

Na akija mtu na katoni ya maziwa, yapokeeni, mnywe, maana njaa ni njaa. Halafu mwulizeni barakoa iko wapi.