Mti Uhesabiwe Baada ya Kiangazi

Kila mwaka mvua za masika zinapokaribia, majembe hushikwa. Viongozi hufika mahali palipotayarishwa, hotuba hutolewa, miche hupandwa kwa safu, na siku chache baadaye taarifa hupelekwa wilayani na mkoani zikiwa na tarakimu za kuridhisha. Jambo hilo ni jema na linastahili pongezi. Lakini liko swali moja ambalo taarifa hizo kwa kawaida hazilijibu: kati ya miche iliyopandwa mwezi Machi, ni mingapi iliyokuwa ingali hai mwezi Oktoba?

Swali hilo lina uzito wa pekee huko Oldeani, katika Wilaya ya Karatu. Mlima Oldeani, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,000, umesimama kusini-magharibi ya kreta ya Ngorongoro. Jina lake limetokana na neno la Kimasai lenye maana ya mianzi, na mianzi hiyo ya milimani ingali ikiota huko juu. Hata wataalamu wa mimea, walipoitenga mianzi ya aina hiyo katika jamii yake yenyewe mwaka 2013, waliipa jina la Oldeania kwa kuufuata mlima huo.

Miteremko ya mlima imefunikwa na Hifadhi ya Msitu wa Nyanda za Juu Kaskazini, msitu ulio ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lililoanzishwa mwaka 1959 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979. Msitu unapokoma, mashamba huanza papo hapo: kahawa, iliyostawishwa na walowezi wa Kijerumani kabla ya Vita Kuu ya Pili, ngano, mahindi na maharage ya wananchi. Kati ya msitu na shamba hakuna nafasi ya kutosha kwa uzembe.

Msitu huo ndio tangi la maji la wilaya. Miti hunasa ukungu na mvua, majani yaliyooza hupunguza mbio za maji, na ardhi huyanywa polepole na kuyatoa chini kwa njia ya vijito na chemchemi. Kule Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, mvua ni haba, lakini vitunguu hulimwa na kuuzwa mbali kwa sababu ya chemchemi zinazopata maji yake kutoka nyanda hizo za juu. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola na mwanamke aokotaye kuni kwenye miteremko ya Oldeani huenda hawajaonana kamwe. Hata hivyo, riziki ya mmoja imo mikononi mwa mwenzake.

Haifai kumlaumu mwanamke huyo. Chakula hakiivi bila moto. Kila anapokwenda kutafuta kuni karibu na msitu anahatarisha maisha yake, kwa maana nyati na tembo wamo humo na hawabishi hodi. Shule nazo zina masufuria makubwa yanayomeza kuni kila siku, na mtoto anayetakiwa kufika asubuhi na gogo begani hujifunza kukata mti kabla ya kujifunza kuukuza. Serikali iliziagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024, na Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Shabaha hiyo ni nzuri. Lakini jiko jipya hununuliwa kwa fedha, na mtungi wa gesi hujazwa kwa fedha. Hadi nyumba ya mwisho itakapofikiwa, kuni zitahitajika, nguzo zitahitajika na mbao zitahitajika. Visipotoka shambani kwa mtu, vitatoka msituni.

Kwa hiyo mti unaopandwa kwenye mpaka wa shamba au nyuma ya madarasa si pambo. Ndio unaoubeba mzigo ambao vinginevyo ungebebwa na msitu wa Oldeani. Mti huo ukifa katika mwaka wake wa kwanza, msitu haukupata nafuu yoyote, hata kama taarifa imekwisha pokelewa.

Historia ya nchi hii ina mafunzo ya kutosha. Baada ya kampeni za Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, ilifuata Misitu ni Mali, iliyowafikia wananchi kwa redio na vikundi vya kujisomea. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika sehemu za Kondoa zilizokuwa zimechimbwa mno na makorongo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 uliwarudisha wananchi kwenye desturi yao wenyewe ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho na kuipumzisha. Katika sehemu nyingi za Shinyanga miti ilirudi kwa sababu visiki vilivyokuwa hai ardhini viliachwa vichipue. Funzo la miradi hiyo ni kwamba kulinda ni kazi kubwa kuliko kupanda, tena hutangulia.

Miche haifi kwa bahati mbaya. Hufa kwa sababu zinazojulikana, na nyingi zaonekana kwenye kalenda. Mche wa mgrevilea wahitaji kiasi cha miezi minne hadi sita kitaluni kabla haujafaa kupandwa. Anayetaka kupanda mwezi Machi hana budi kusia mbegu Septemba au Oktoba. Maana yake ni kwamba mwezi Desemba, shule zinapofungwa na wanafunzi kutawanyika, ndipo miche inapokuwa michanga na yenye kiu. Tena masika yakiisha na shule zikafungwa mwezi Juni, ndipo miche iliyokwisha pandwa inapoanza kiangazi chake cha kwanza. Na mahindi yakishavunwa, mifugo huachiwa mabua, na mbuzi hatofautishi bua na mche. Shule isiyopanga zamu ya likizo imepanga kuupoteza mti tangu siku ya kuupanda.

Yafaa basi mambo machache ya kazi yazingatiwe. Wiki chache kabla ya kupanda, kivuli na maji kitaluni vipunguzwe kidogo kidogo ili miche izoee jua, na mizizi iliyotoka chini ya viriba ikatwe. Mashimo yachimbwe mapema, yawe na upana na kina cha sentimita 40 hadi 60, udongo wa juu ukitengwa na wa chini, ili ule wa juu wenye rutuba urudishwe kwenye mizizi. Upandaji ungoje mvua iliyolowesha ardhi hasa, isiwe manyunyu ya siku moja. Kiriba kiondolewe. Ni jambo la kusikitisha kwamba miche mingi huzikwa ikiwa ndani ya plastiki, mizizi ikazunguka humo kama mfungwa hadi ikafa. Nafasi ya mita 3 kwa 3 hutoa miche kama 1,100 kwa hekta moja, lakini shule isiyo na maji ya kutosha haina sababu ya kushindana na tarakimu hiyo. Miche 50 iliyozungushiwa miiba, ikapaliliwa na kuwekewa majani makavu shinani ili kutunza unyevu, ina faida kuliko 500 iliyoachiwa Mungu na mbuzi.

Aina ya mti nayo ichaguliwe kwa akili. Mgrevilea hukaa vema na kahawa na mahindi, hukinga upepo, na matawi yake yakipogolewa hutoa kuni bila mti wenyewe kuangushwa. Mringaringa hutoa kivuli na mbao nzuri. Mkaratusi hukua upesi na nguzo zake zina soko, lakini hunywa maji mengi na haufai kando ya chemchemi wala bondeni penye kijito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, na mtumishi wa umma ndiye anayetazamiwa kuifahamu kwanza kabla ya kumhimiza mwananchi.

Mti ukishakua, kazi haijaisha. Kupogoa kwa panga kwa pigo moja huchana gome na kuacha jeraha linaloingiza maji na wadudu. Tawi nene likatwe kwanza kwa chini kidogo, mbali kiasi na shina, kisha likatwe kwa juu lianguke, halafu kibutu kilichobaki kiondolewe karibu na shina bila kuudhuru uvimbe ulio kwenye mashikio ya tawi. Nusu ya juu ya mti iachiwe matawi yake, kwa kuwa mti huishi kwa majani.

Kuangusha mti ni kazi ya hatari kuliko zote, na ndiyo inayofanywa kwa mazoea kuliko zote. Wapo wanaoingia kazini kwa kandambili, bila kofia ngumu, na mmoja akiwa peke yake. Mkataji mwenye busara huutazama mti kabla ya kugusa chombo: umelalia wapi, una matawi makavu yanayoning'inia, umefungamana na mti mwingine? Huandaa njia ya kukimbilia nyuma na kando, na huwaweka watu mbali kwa umbali usiopungua urefu wa miti miwili kama huo. Hukata kwanza mdomo upande ambao mti utaangukia, kisha hukata kwa nyuma, juu kidogo ya ule mdomo, akiacha katikati ubavu wa mti usiokatwa uwe kama bawaba inayouongoza. Akiukata ubavu huo wote, mti hauna tena mwongozaji, nao waweza kumrudia mwenyewe. Anayetumia msumeno wa mnyororo asiuinue juu ya mabega, wala asiuwashe akiwa amelewa au amechoka. Kibali cha kuvuna na hati ya kusafirishia mazao vitafutwe kabla mti haujalala chini. Kuvitafuta baada ya hapo ni kutafuta udhuru.

Shule nyingi zina miti mikubwa karibu na madarasa. Mwalimu mkuu asingoje upepo umfundishe. Baada ya kila msimu wa mvua miti hiyo ikaguliwe: shina lililotoboka, uyoga uliomea shinani, udongo ulioinuka kwenye mizizi. Dalili hizo zionekanapo, mtaalamu wa misitu aitwe, na watoto wasitumwe kupanda juu kukata matawi.

Huenda pakatokea mwalimu wa kuuliza atapata wapi muda, ikiwa darasa lake limejaa na maji yenyewe yanachotwa mbali. Swali lake ni la haki, na si haki kumjibu kwa amri. Halmashauri inayodai miche elfu moja kwa shule isiyo na bomba wala uzio inajidanganya yenyewe. Wajibu wa kwanza uko kwa wale wanaogawa fedha na kupokea taarifa. Fedha ya miche iambatane na fedha ya uzio, na bwana misitu apewe usafiri wa kurudi shambani mara ya pili na ya tatu, wala usiishie kumfikisha siku ya sherehe. Agizo la nishati safi nalo liambatane na jiko lenyewe, kwa sababu mpishi wa shule hawezi kuchemsha uji kwa waraka.

Linalotakiwa ni badiliko dogo ambalo halihitaji sheria mpya. Kila fomu ya taarifa ya upandaji miti iwe na safu mbili. Ya kwanza ijazwe wakati wa masika, idadi iliyopandwa. Ya pili ijazwe mwisho wa Oktoba, idadi iliyo hai, na iandikwe na mtu aliyekwenda kuihesabu kwa miguu yake. Pongezi zitolewe kwa safu ya pili. Shule iliyopanda 60 na kubaki na 50 iwekwe mbele ya ile iliyopanda 1,000 na kubaki na 40. Wanafunzi wenyewe wafanye hesabu hiyo kama somo: wajumlishe, watafute asilimia, waeleze kwa nini mmoja ulikufa na mwingine ukapona. Watajifunza hisabati na ukweli kwa pamoja.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Kwa wakazi wa Oldeani maneno hayo hayana fumbo lolote, maana jua lao ni lile la Juni hadi Oktoba, na kivuli kitakuwapo ikiwa tu ndoo ya maji ilibebwa katika miezi hiyo. Masika ni ya kila mtu, lakini kiangazi ndicho kinachomtambulisha mpandaji.