Ndege Kuukuu Sio Bembea, Mwanangu!

Kuna dogo wa Geita, jina kapuni, kichaa wa ndege. Majuzi kaposti video akiwa ndani ya Let L-410 huko mashariki mwa Kongo. Ni kindege cha watu 19, kilichotengenezwa Czechoslovakia na kutumiwa sana na Aeroflot ya Wasovieti. Kinatetemeka, yeye anacheka. Emoji za moto kibao.

Ila mcheki mama wa siti ya pembeni, kapakata mtoto, hacheki. Hakupanda kwa mzuka, kapanda kwa sababu barabara hakuna. Umoja wa Ulaya umeyafungia anga lake mashirika yote ya ndege ya Kongo. Shida si umri, ndege kuukuu ikitunzwa inaruka freshi. Shida ni usimamizi.

Mtu wa Geita alipaswa kulijua hili. Mchimbaji wa Nyarugusu anazama duarani kusaka ugali, sio kiki.

Mdau, unasemaje?