Mtoko wa Siku Kumi na Nane

Bumu likisoma Ijumaa, Jumamosi Mlimani hapakaliki. Korido za hosteli zinanuka pafyumu na nywele zilizochomwa pasi, kila mlango una mtu anayeuliza "shosti, hii imekaa?", na ikifika saa kumi jioni kituo cha daladala kinajaa watu waliovaa kama wanaenda kupokea mahari. Mimi ni mmoja wao, kwa hiyo msinisome kama mlokole anayekuja kuwakataza watu starehe. Napenda kutoka. Napenda kula, tena kula vizuri, na watu ninaowapenda wakiwa wamezunguka meza. Wiki nzima ya wali maharage na foleni ya maktaba inavumilika kwa sababu Jumamosi ipo.

Ninalolalamikia ni namna tunavyotoka, hasa pale mmoja wetu anapokuwa na mtu mpya. Na naanza na kosa langu mwenyewe.

Ni mwaka huu huu wa masomo. Nilikuwa nimepata mtu. Tuseme hivyo tu, maana wenyewe mnajua mambo yanavyoanza: unaazimwa notisi, unarudishiwa notisi na chokoleti ndani, siku ya tatu mnasindikizana hadi getini. Yeye wa Uhandisi, mimi wa Sayansi za Jamii. Wiki ya tatu wenzangu wa chumbani wakasema sasa imetosha, shemeji aletwe aonekane. Kwa msiokaa hosteli nieleze: "shemeji aonekane" maana yake shemeji atoe chakula. Hakuna anayeyatamka maneno hayo na hakuna asiyeyajua. Tukatoka watu watano, wasichana wanne na yeye.

Tulianzia Coco Beach, na laiti tungeishia hapo. Mihogo ya kukaanga iliyopasuka vizuri, kachumbari, pilipili ya kuwasha mpaka masikio, mishikaki miwili miwili, madafu, na ule upepo wa bahari unaokufanya umsogelee mtu bila kujifanya. Jamaa alikuwa anachekesha kweli, hata shosti wangu ambaye huwa hacheki na wanaume alicheka mpaka akapaliwa. Akalipa elfu ishirini na kitu, uso mkunjufu. Jua likawa linazama nyuma yetu, na mmoja wetu (simtaji, anajijua) akasema: "Sasa shemeji, hivi vilikuwa vitafunwa. Chakula tunakula wapi?"

Tulicheka wote. Nami nilicheka. Nusu saa baadaye tulikuwa kwenye mgahawa mmoja wenye kiyoyozi na vitambaa vya meza, ambako menyu unaisoma kuanzia upande wa kulia. Pizza zikaagizwa, pasta ikaagizwa, mmoja akaagiza kamba wa kitunguu saumu, na juisi zikaja na vimwavuli vya karatasi. Yeye akasema mihogo imemshibisha, akaomba maji. Mimi nikaona ustaarabu ulioje, mwanaume hana pupa.

Bili ilikuja 187,000. Akajaribu kulipa kwa lipa namba mara moja, mara mbili, akasema mtandao unasumbua. Akatoka nje kupokea simu ya nyumbani. Alikaa huko kama dakika ishirini. Aliporudi alilipa, tukapiga picha pale mlangoni kwenye taa, na picha zilipendeza sana, siwezi kusema uongo. Watu zaidi ya mia walizipenda.

Siku kumi baadaye nilimkuta nyuma ya maktaba saa tisa mchana, na karanga za mia tano na chupa ya maji ya bomba. Nikamuuliza, umekula? Akajibu, nimekula. Lakini mtu aliyekula wali haokoti karanga iliyodondoka chini akaipuliza. Nikamtafuta mwenzake wa chumbani, akanicheka kwanza, kisha akaniambia: "Shem, huyu yuko pasi ndefu tangu ile Jumamosi. Anakula saa kumi jioni, basi, mpaka kesho saa kumi. Na laki ya watu aliyokopa usiku ule bado hajarudisha."

Hapo ndipo nilipopiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga mezani. Fedha ya chakula na malazi tunayokopeshwa na Bodi ni shilingi 10,000 kwa siku, tangu ilipopandishwa kutoka 8,500 mwaka 2022. Gawanya 187,000. Ni siku kumi na nane na ushee za mtu kula na kulala, zimekaa kwenye meza moja kwa saa mbili. Na hilo ni kama bumu bado lipo zima. La kwake halikuwa zima. Sehemu alishaituma kwao kwa ajili ya mdogo wake aliyekuwa anaingia kidato cha tano, sehemu ikalipa madeni ya bumu lililopita, kama ilivyo kwa wengi wetu. Hizo siku kumi na nane hakuwa nazo, alizikopa.

Najua atakayesoma hapa atasema: si alitaka mwenyewe? Kwani hana mdomo? Nilimuuliza hivyo hivyo, tena kwa hasira, kwa sababu kudanganywa na mtu kwamba ameshiba kunauma. Akaniambia, "Ningesemaje mbele ya mashosti zako?" Sikuwa na jibu. Angesema "leo sina," usiku ule ule chumbani tungemvua nguo. Nakijua chumba chetu. Tungesema mbahili, tungesema hana malengo, na mimi ningeitikia ili nisionekane mjinga.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: mtoko wa wanafunzi utajwe bei kabla ya watu kuoga. Kiasi kisemwe wazi kwenye kundi, kila mtu achange chake kabla ya kutoka, mmoja ashike fedha, na mahali pachaguliwe kufuatana na kilichopatikana. Mimi napendekeza kikomo kiwe 10,000, siku moja ya bumu, nauli ikiwemo. Asiyenayo aseme sina, na wenzake waamue kumchangia au kupunguza. Mwenye mpenzi mpya asipewe bili kama mtihani wa kuingilia ukoo.

Nilipolisema hili chumbani nilishambuliwa. La kwanza: mwanaume ni kulipa. Baba zetu walilipa. Sawa, lakini baba yangu alipomtoa mama yangu alikuwa mwajiriwa na mshahara. Huyu wa kwangu tunasimama naye foleni moja kusaini bumu moja. Bodi haina kiwango cha wavulana na kiwango cha wasichana. Akimaliza, akapata kazi, akitaka kunitoa hoteli ya ghorofa ishirini, nitavaa nitaenda, wala sitaandika makala.

La pili lina uzito zaidi: wasichana nao wana gharama. Ni kweli. Siku ile mimi nilitumia 42,000 kabla sijafika Coco: nywele, kucha, na kitambaa cha fundi. Hakuna aliyeniona nikilipa kwa hiyo haikuhesabiwa. Ila nikiwa mkweli, ile 42,000 niliitumia kwa sababu nilijua nakwenda mahali pa vitambaa vya meza. Kwa mihogo ningefunga kilemba, na angenipenda vile vile. Mtoko ukipanda bei unapanda kwa wote, huyu kwenye bili, yule saluni.

La tatu ndilo lililonifanya nifikiri zaidi. Shosti mmoja alisema, "Sisi hatuendi na wewe kula, tunakwenda kukulinda. Mtu wa wiki tatu unamjua?" Hapo simpingi hata kidogo. Msichana anayekwenda kuonana na mtu mgeni aende na mwenzake, aseme anakwenda wapi, arudi mapema. Hilo lisiachwe. Ila mlinzi ajilipie soda yake. Tena tukijilipia tunakuwa salama zaidi, maana wapo wanaolipa bili huku wameitunza risiti moyoni, na ikifika saa nne usiku wanaanza kuidai kwa njia nyingine. Kila msichana wa hosteli anaijua hadithi ya namna hiyo, yake au ya jirani. Aliyechanga elfu kumi yake anaondoka anapotaka, hana deni la mtu. Siku ile sisi wanne hatukuwa na hata nauli ya bajaji ya kurudia. Tulikuwa tumeweka usalama wetu mfukoni mwa mtu tuliyesema tunamchunguza.

Nimesahau kuwaambia kuhusu yule wa kamba. Nilimnunia wiki nzima. Niliona ndiye aliyetuponza, kwa sababu sahani yake peke yake ilikuwa zaidi ya 40,000. Siku moja usiku, umeme umekatika, tumelala tunaongea gizani, ndipo akasema hana mkopo. Alinyimwa tangu mwaka wa kwanza, na mjomba wake anayemlipia ada hutuma ya matumizi anapokumbuka. Wiki ile alikuwa anakula chai na andazi. "Nilisema kama kuna mtu analipa," alisema, "basi nile kitu ambacho sitakila tena mwaka huu." Mezani pale, kumbe, waliokuwa na njaa walikuwa wawili. Mmoja aliagiza kupita wote, mwingine aliagiza maji, na hakuna aliyeweza kusema neno kwa sababu tulikubaliana kimyakimya kwamba Jumamosi hakuna mtu aliyechacha.

Basi tukajaribu. Jumamosi iliyofuata bumu lingine tulitoka wale wale watano kwa elfu kumi kumi. Ya shosti asiye na mkopo tulimchangia wanne, elfu mbili na mia tano kila mmoja, na wala haikuwa kesi. Asubuhi mapema tukapanda daladala hadi Ubungo, kisha mwendokasi mpaka Kivukoni, tumesimama njia nzima, shemeji ameshikilia bomba na mimi nimemshikilia yeye. Tukashuka Feri.

Kama hujawahi kwenda soko la samaki pale Feri ukiwa na njaa, umekaa Dar es Salaam bure. Unanunua samaki wako wabichi, unampa kijana anakuparulia magamba na kuwatumbua, unawapeleka kwa wakaangaji kwenye yale makarai makubwa yanayochemka mafuta, na unasubiri umesimama huku moshi unakuingia machoni. Tulichukua changu wawili wa maana, fungu la vibua na ngisi kidogo, vyote 18,000 baada ya kubishana bei. Huyu mtu wa Uhandisi, kumbe, anajua kubishana bei. Amekulia karibu na ziwa, anafungua shavu la samaki anaangalia wekundu kama daktari. Kuparua na kukaanga 5,000. Ugali wa mama lishe 5,000 kwa wote, na ndimu na pilipili juu yake bure. Tulikula kwa mikono, hakuna aliyeongea kwa dakika tano, na safari hii yeye alikula. Nilimwangalia akila kichwa cha changu, ananyonya mfupa mpaka ukabaki mweupe. Sikumbuki kama pasta ile ilikuwa na ladha gani.

Kisha tukapanda kivuko kwenda Kigamboni, mia mbili kwenda na mia mbili kurudi, tukakaa ufukweni mpaka alasiri tukibishana upuuzi. Maji ya kunywa 2,000. Mshika fedha alikuwa yule wa kamba, kwa sababu tuligundua ndiye mwenye mkono mgumu kuliko wote. Jioni alitusomea hesabu kwenye daladala: zimebaki 4,500. Mmoja alitaka zinunuliwe aiskrimu, akakataa, akasema ni mtaji wa mtoko ujao. Picha tulipiga chache, nywele zetu zilikuwa zimeharibika na upepo.

Haikuwa kamilifu. Shosti mmoja alinuna nusu ya safari kwa sababu viatu vyake vilikanyaga maji ya samaki, na mpaka leo anasema mwanaume wa kumpeleka mwanamke Feri ana kasoro. Ana haki yake. Chumba cha jirani nao wametucheka, wanatuita SACCOS. Lakini wiki mbili zilizopita mmoja wao alikuja kuuliza, kwa sauti ya chini, kama mtu wa nje anaweza kuchanga akaja na sisi.

Jumamosi hii ni zamu ya jamaa kuchagua. Amesema Bagamoyo. Nimemwambia apige hesabu ya nauli kwanza, kwa sababu mshika fedha wetu ameshakataa kuongeza hata mia, ila ameuliza kama huko Bagamoyo kamba wanauzwa kwa fungu.